Mlinzi wa Nyumba na Msafiri: Namna za Kucheza na Kazi ya Mwalimu

Kila mwanachuo aingiaye chuo cha ualimu hufundishwa mapema kwamba mchezo ni mbinu mojawapo ya kufundishia. Jambo hili limekwisha kusemwa mara nyingi hata halimshangazi mtu. Lakini tukiyachunguza maandalio ya somo yanayoandikwa wakati wa mazoezi ya kufundisha, twaona kwamba mchezo huwekwa ama mwanzoni, ili kuwaamsha watoto, ama mwishoni, uwe tuzo ya kunyamaza. Na hata pale unapowekwa ndani ya somo lenyewe, mwalimu huwa amekwisha kuamua ni nani atakayehesabiwa kuwa amecheza vizuri: yule atakayemaliza kwanza. Sisi twaipinga desturi hiyo. Twaona kwamba faida kubwa ya mchezo darasani haimo katika kumpata mshindi, bali katika kumwezesha mwalimu kuona kwa macho yake jinsi watoto wawili, wenye kanuni zile zile na vifaa vile vile, wanavyofikiri kwa njia mbili mbalimbali. Mwalimu asiyeweza kuiona tofauti hiyo katika mchezo, yamkini hataiona katika hesabu wala katika kusoma.

Tuchukue mfano wa bao, mchezo ambao mwanachuo yeyote wa Dar es Salaam aweza kwenda kuutazama bila ya kulipa senti. Kariakoo, Gerezani na Ilala zimekuwa na mabaraza ya bao tangu enzi za wazee wetu, na ingawa mabaraza yenyewe yanapungua (tutalirudia jambo hili), wachezaji bado wapo. Kwa wale ambao hawakulelewa karibu na mchezo huu, yafaa tueleze kidogo. Bao lina safu nne za mashimo manane manane, yaani mashimo 32 kwa jumla, na kete 64, ambazo kwa asili ni mbegu za mkomwe. Kila mchezaji humiliki safu mbili na kete 32. Wanapoanza, kila mmoja huweka kete 6 katika shimo moja la safu ya mbele liitwalo nyumba, na kete mbili mbili katika mashimo mawili yaliyo kuliani mwa nyumba hiyo. Kete 22 zilizosalia hubaki mkononi. Katika sehemu ya kwanza, ambayo ni kunamua, mchezaji huingiza kete moja kila zamu katika safu yake ya mbele. Ikiwa shimo alilolichagua lilikuwa na kete, na lile la mwenzake linalolikabili nalo lina kete, basi hula, na zile alizokula huzipanda moja moja kuanzia kichwani mwa safu yake. Kete za mkononi zikiisha, huingia sehemu ya pili, ambayo ni mtaji, na hapo huchezwa kwa kete zilizomo baoni tu. Hushindwa yule ambaye safu yake ya mbele imekauka, au asiyekuwa na mchezo wowote wa kuucheza.

Msomaji atazame sana habari ya nyumba, maana hapo ndipo tofauti za wachezaji zinapojitokeza. Wakati wa kunamua, punje ya mwisho ya mchezaji anayekula ikiangukia nyumbani mwake bila ya kukuta cha kula upande wa pili, mchezo humpa ruhusa ya kuchagua. Aweza kulala hapo hapo, nyumba ikazidi kunenepa. Au aweza kusafiri, yaani akaibomoa nyumba yote na kuzitawanya kete zake katika mashimo yanayofuata. Hapana anayemlazimisha. Kanuni, ambazo kwingineko ni kali sana katika bao, hapa zimenyamaza, zikamwachia mtu akili yake.

Mchezaji wa kwanza ni mlinzi. Yeye huilinda nyumba yake zamu baada ya zamu, akilenga kuingia sehemu ya mtaji akiwa na hazina iliyokusanyika mahali pamoja. Huhesabu mbali. Huvumilia kuliwa kete mbili tatu za pembeni ili nyumba isiguswe. Watazamaji wasiojua humwona kama mtu asiyecheza, hasa kijana mwenye haraka ambaye husimama nyuma yake akiguna. Mchezaji wa pili ni msafiri. Yeye huona kwamba kete zilizolundikana ni kete zisizofanya kazi. Akipata nafasi huzitawanya mapema, mashimo yake mengi yakawa na uhai, na kila zamu akawa na njia nne au tano za kula. Lakini kila shimo alilolijaza ni shimo linaloweza kuliwa. Yuko na wa tatu, ambaye hashughuliki sana na nyumba yake wala ya mwenzake, bali huitazama safu ya mbele ya mpinzani na kuikausha polepole, akijua kwamba mtu asiye na kitu mbele hana la kufanya hata kama nyuma yake pamejaa.

Mtu asidhani kwamba mlinzi ni mwoga anayekataa kula. Katika bao, kula ni lazima ikiwa kipo cha kula. Mchezaji hana hiari ya kukiacha. Hiari yake imo katika kuchagua ale nini, na, mara nyingi, apande kuanzia kichwa cha kulia au cha kushoto. Kwa hiyo tofauti kati ya mlinzi na msafiri si tofauti ya tabia njema na tabia mbaya, wala ya bidii na uvivu. Wote wawili wanafungwa na sheria ile ile. Kila mmoja anajibu swali moja kwa hesabu yake: je, kilichokusanywa kina nguvu zaidi kikiwa pamoja au kikitawanywa? Ni swali ambalo muuza vitunguu wa jumla katika soko la Kariakoo na mmachinga wa Mtaa wa Kongo hulijibu kila siku kwa fedha zao halisi, na hawalijibu kwa namna moja.

Ipi basi ni bora? Kama njia mojawapo ingekuwa bora daima, watu wenye akili waliocheza bao kwa vizazi vingi wangekwisha kuiacha ile nyingine. Hawakuiacha. Ustadi wa mabingwa wa bao wa Zanzibar umechunguzwa hata na wataalamu wa mbali, kama Alex de Voogt wa Uholanzi, ambaye alichapisha kitabu juu yao mwaka 1995. Na Mwalimu Nyerere mwenyewe, kama inavyojulikana, alikuwa mpenzi wa mchezo huu. Mchezo uliowashughulisha watu wa namna hiyo si mchezo wenye jibu moja. Jambo lililo kubwa zaidi kwa hoja yetu ni hili: mchezaji mzuri hucheza kama mlinzi mbele ya mpinzani mmoja, na kama msafiri mbele ya mwingine, na pengine katika bao lile lile huilinda nyumba mpaka kete za mkononi zikaribie kwisha, kisha akabadilika ghafula. Namna ya kucheza si rangi ya ngozi ambayo mtu huzaliwa nayo. Ni uamuzi.

Sasa tuingie darasani. Mwalimu wa darasa la pili anaandika ubaoni 47 + 38. Mtoto mmoja anapanga tarakimu kwa wima, anajumlisha mamoja, anabeba moja, anapata 85. Mtoto wa pili anachukua 40 na 30, anapata 70, kisha 7 na 8, yaani 15, anapata 85. Wa tatu anasema moyoni kwamba 38 iko karibu na 40. Anaongeza 40 juu ya 47, anapata 87, kisha anaondoa 2. Huyu wa tatu ametumia muda mrefu kidogo kabla ya kunyanyua kalamu, na hakuandika kitu chochote isipokuwa jibu. Twawauliza wanachuo: ni wangapi kati yetu watakaompa alama kamili? Na ni wangapi watakaoandika kwa wino mwekundu kwamba hakuonyesha njia, au, vibaya zaidi, watakaoshuku kwamba amemchungulia jirani?

Mtoto wa Kariakoo ana sababu ya pekee ya kuhesabu kwa namna yake. Wengi wamekaa kibandani pamoja na mama au mjomba. Mteja akinunua kitu cha shilingi 3,500 akatoa noti ya 10,000, mtoto huyu hapangi tarakimu kwa wima wala hakopi kutoka katika makumi. Hupanda kutoka bei kwenda kwenye noti: mia tano, ifike elfu nne, elfu moja, ifike elfu tano, elfu tano, ifike elfu kumi. Chenji ni 6,500, na imekwisha kuwekwa mkononi mwa mteja kabla hatujamaliza kuandika swali. Mtoto huyo huyo akipewa 10,000 − 3,500 katika daftari, na mwalimu akamlazimisha kukopa mara mbili juu ya sifuri, huenda akaleta jibu la ajabu. Hapo ndipo husemwa kwamba ni mzito.

Haya si maneno yetu peke yetu. Huko Recife, nchini Brazili, Terezinha Carraher, David Carraher na Analúcia Schliemann walichapisha mwaka 1985 uchunguzi wao juu ya watoto watano wa umri wa miaka 9 hadi 15 waliokuwa wakiuza bidhaa mitaani. Kwenye biashara yao watoto walipata sahihi maswali asilimia 98. Walipopewa hesabu zenye namba zile zile katika karatasi, bila ya habari ya kuuza na kununua, usahihi ulishuka hadi asilimia 37. Watoto walikuwa wale wale. Kilichobadilika ni kwamba karatasini walijaribu kucheza mchezo wa mtu mwingine, kwa namna ya mtu mwingine, na kuiacha namna waliyokuwa mabingwa wake.

Neno "mzito" halina budi kuzungumzwa, maana ndilo linalotufanya tuandike. Katika darasa lenye watoto wengi, mwalimu hutafuta njia ya haraka ya kujua nani anaelewa, na njia iliyo rahisi kuliko zote ni kutazama mikono inayonyanyuliwa kwanza. Baada ya majuma machache mikono hiyo hupewa madawati ya mbele. Wale wengine huenda nyuma, karibu na dirisha, na huko hukaa. Hapana mtu aliyekaa chini akaamua kwamba mtoto fulani asifundishwe. Lakini mlinzi wa nyumba, yule anayehesabu mbali kabla ya kugusa kete, amekwisha kuondolewa mchezoni kabla ya kumaliza darasa la kwanza. Tena ameondolewa na mwalimu mwenye nia njema. Mtaala wa darasa la kwanza na la pili ulioanza mwaka 2015 uliweka nguvu zote katika kusoma, kuandika na kuhesabu, nasi twauona kuwa uamuzi wa maana. Lakini kuhesabu kwa kasi kusichukuliwe kuwa ndiko kuhesabu.

Wako watakaosema kwamba bao ni mchezo wa wazee, na kwamba vijana wa leo wamo katika simu. Hoja hii haitusumbui, kwa sababu huko simuni nako mambo ni yale yale. Michezo ya kujenga miji ina historia yake: SimCity, uliobuniwa na Will Wright, ulitoka mwaka 1989, nao ulikuwa na sifa moja ya ajabu, yaani haukuwa na mwisho wala mshindi, kila mtu alijenga mji aliouona kuwa ni mji. Baadaye ikaja michezo inayochezwa na maelfu ya watu kwa pamoja kwa njia ya intaneti. Mmojawapo ni Forge of Empires, uliotolewa mwaka 2012 na kampuni ya InnoGames ya mjini Hamburg, Ujerumani. Humo mchezaji huanza na kijiji cha Zama za Mawe, akajenga nyumba na karakana, akapanda kutoka zama moja hadi nyingine. Ana majirani ambao ni watu halisi. Aweza kuunda jeshi, kuwashinda na kupora mazao ambayo hawajayavuna. Aweza kuacha vita kabisa, akatengeneza bidhaa na kubadilishana na wenzake wa chama. Aweza hata kupitia miji ya majirani na kuyasaidia majengo yao, jambo ambalo humletea yeye mwenyewe faida kidogo. Yuko na yule ambaye huupanga na kuupangua mji wake ili barabara zikae vizuri, asijali kabisa nani amemtangulia. Kila mmoja hushangaa jinsi wenzake wanavyoupoteza muda wao. Msomaji bila shaka amekwisha kuwatambua: mlinda ghala na mtawanyaji wamo, ingawa hawajapata kuona mbegu ya mkomwe.

Mtaalamu mmoja wa Uingereza, Richard Bartle, aliandika mwaka 1996 kwamba wachezaji wa michezo ya namna hii ni wa aina nne: wanaotafuta mafanikio, wanaotafuta kujua, wanaotafuta watu, na wanaotafuta kuwasumbua wengine. Makala yake yamesomwa sana, na walimu wengine hutamani kuyaingiza madarasani, wakiwagawa watoto katika makundi manne na kumpa kila mmoja jina lake. Hapa hatukubaliani nao. Bartle alikuwa akieleza watu wazima walioingia mchezoni kwa hiari yao. Hakuwa akiandika daftari la mahudhurio. Mtoto wa miaka minane akiambiwa kwamba yeye ni wa aina fulani, ataiamini, na mwalimu ataiamini kuliko yeye. Tutakuwa tumefuta neno "mzito" na kuweka mahali pake maneno manne mapya yenye kazi ile ile. Kama tulivyokwisha kusema, mchezaji wa bao hubadilika kwa kadiri ya mpinzani na hali ya kete. Yafaa mwalimu aandike alichokifanya mtoto siku hiyo, katika mchezo huo, mbele ya mwenzake huyo; asiandike mtoto ni nani.

Je, haya yatafanyikaje darasani? Hatupendekezi simu. Twapendekeza kwanza bao lenyewe, kwa namna yake iliyo rahisi, ambayo watu huiita bao la kujifunza: hapana kunamua, bali kila shimo huwekewa kete mbili tangu mwanzo, na mashimo 32 yakachukua kete zote 64. Ubao wa kuchonga si lazima. Trei ya mayai ina vishimo vitano kwa sita. Ukikata kipande cha vinne kwa vinne kutoka katika trei mbili na kuviunganisha, umepata vinne kwa vinane. Trei tupu hazikosekani Kariakoo. Kete zaweza kuwa punje za mahindi au kokoto. Penye uwanja wa udongo, mashimo huchimbwa kwa kisigino.

Jambo ambalo mwanachuo asilipuuze ni kuwachezesha watoto wawili dhidi ya wawili. Darasa la watoto 60 litahitaji basi mabao 15 na kete 960, badala ya mabao 30 na kete 1,920. Lakini unafuu wa vifaa si sababu yetu ya kwanza. Mtoto anayecheza peke yake hufikiri kimya, na mwalimu huona mkono tu. Watoto wawili wa upande mmoja hawana budi kukubaliana kabla ya kuchukua kete, na ili wakubaliane ni lazima waseme. Hapo mwalimu anayepita kati ya makundi husikia: "Tukianzia hapa tutaishia pale, halafu watatula hizi." "Acha, tungoje." Sentensi ya pili ni fupi, lakini ina hesabu ndani yake, na pengine imetoka kinywani mwa mtoto ambaye hajanyanyua mkono tangu muhula uanze. Mwalimu asiulize "Nani ameshinda?" Aulize "Kwa nini mlianzia hapo?" na awaulize walioshindwa pia.

Mchezo wa pili ni wa kujenga mji. Chora kwa chaki sakafuni bonde lenye mto, nalo ni Msimbazi. Kila kundi lipewe viberiti vitupu 40 na agizo moja: mji huu uwe na makazi, soko, shule, zahanati na kituo cha basi, na kila jengo lifikiwe kwa barabara. Kila zamu kundi huweka viberiti viwili, wala haviondolewi tena isipokuwa kwa kupoteza zamu. Wapo watakaochora barabara kwanza na kukaa zamu nyingi bila ya nyumba hata moja. Wapo watakaojaza maduka kila mahali. Wengine watapandisha viberiti vitatu juu ya kimoja, kama maghorofa wanayoyaona kila siku Mtaa wa Msimbazi, wakaokoa ardhi. Kundi jingine huenda likaanza na soko na kulifanyia paa la vizibo vya soda, kwa kuwa wamekulia kando ya lile jengo la Beda Amuli lenye paa la miavuli ya zege, lililojengwa mwanzoni mwa miaka ya 1970. Mwalimu asishangae akiwaona wanaacha nafasi pana kulizunguka, na wakiulizwa wakataja moto wa Julai 2021.

Katikati ya mchezo, mwalimu atangaze mvua. Apanguse kwa kitambaa chenye maji mstari wa bonde, na viberiti vyote vilivyolowa vimepotea. Watoto wa Dar es Salaam hawahitaji kuelezwa. Wengi wamesimuliwa mafuriko ya Desemba 2011, ambayo baada yake familia nyingi za bondeni zilihamishiwa Mabwepande. Kundi lililojenga haraka karibu na mto, kwa sababu ardhi ilikuwa tambarare, litapoteza mengi. Hata hivyo mwalimu asitumie mvua hiyo kuwa adhabu kwa wenye haraka. Zamu nyingine asilete mvua, na wale waliojihadhari mno, wakajibana juu ya kilima, watajikuta hawana nafasi ya shule. Kusudi ni kwamba kila namna ya kujenga ikutane na siku yake mbaya, na watoto wazungumze juu ya siku hiyo.

Kariakoo yenyewe ni mji uliochezwa hivyo. Wakoloni walichora mitaa iliyonyooka na viwanja vya kupimwa, wakaiacha Mnazi Mmoja wazi ili kuutenga upande wa Waafrika na upande wa Wahindi na Wazungu. Huo ulikuwa mchezo wa watu wanaopenda mistari. Wenyeji wakajenga juu ya mistari hiyo nyumba za vyumba sita zenye ukumbi katikati, ua nyuma na baraza mbele. Wakapangisha vyumba kwa wageni wa kutoka mikoani, wakauza vitumbua mlangoni, na barazani wakaweka bao. Mchoraji hakuwa ameliwaza baraza. Leo nyingi za nyumba hizo zimebomolewa na maghorofa kusimama mahali pake, na ghorofa lenye maduka chini halina pa kukaa mzee na mwenzake. Hatulilii jambo hilo. Watu wana haki ya kupata kodi kubwa kutoka katika viwanja vyao. Twalitaja kwa sababu zamani mtoto alijifunza bao kwa kusimama tu nyuma ya babu, na akaziona namna zote tatu za kucheza kabla ya kuanza shule. Sasa, asipoziona shuleni, haijulikani ataziona wapi.

Zimebaki pingamizi mbili. Ya kwanza ni muda. Ni kweli kwamba vipindi viwili vya kujenga mji ni vipindi viwili ambavyo mazoezi ya kitabuni hayakufanyika. Lakini mwalimu aliyewasikiliza watoto wake katika vipindi hivyo viwili anajua mambo ambayo mtihani wa mwisho wa muhula hautamwambia, na huyajua mapema, ilhali bado kuna muda wa kufanya jambo. Ya pili ni hofu ya wathibiti ubora, ambao wanachuo wengi bado huwaita wakaguzi: wakija wakakuta watoto sakafuni na viberiti, watasemaje? Dawa ya hofu hii ni andalio la somo. Pale penye kazi ya mwalimu, isiandikwe "kuwaongoza wanafunzi kucheza", maana maneno hayo hayasemi kitu. Iandikwe: "kuuliza kila kundi sababu ya chaguo moja, na kurekodi majibu". Na rekodi yenyewe iwepo, katika daftari dogo lenye ukurasa mmoja kwa kila mtoto, tarehe pembeni, sentensi moja moja. Mtoto ambaye ukurasa wake umebaki mtupu kwa wiki mbili ndiye wa kukaa naye karibu zamu ijayo.

Kuhusu vifaa: trei za karatasi huloa upesi, kwa hiyo wakati wa masika zihifadhiwe juu ya kabati, na punje za mahindi ziwekwe katika kopo lenye kifuniko, kwa sababu ya panya. Kete zihesabiwe kila mwisho wa kipindi, 64 kwa kila bao, na wahesabu watoto wenyewe. Na mwalimu atazame wanavyohesabu, kwani wako watakaozipanga kumi kumi, wako watakaozipanga nane nane kwa kufuata safu za bao, na yuko atakayezirudisha mbili mbili katika mashimo yote 32 na kusema zimetimia, bila ya kutaja namba yoyote.